Script ya Guyo ilifungia mahamri, mimi nikabaki na daftari la matumizi

Wakuu, habari zenu, na salaam aleikum kwa wale wa salaam. Hii siongezi chumvi, maana anayeonekana mbaya hapa ni mimi mwenyewe.

Zamani tulikuwa na kikundi cha maigizo hapa Isiolo town. Mimi Mmeru wa biashara ya miraa, wakanifanya treasurer. Mwandishi wetu alikuwa Guyo, mtu wa kijiji cha Korbesa. Mpole, lakini akishika kalamu utashika mbavu.

Aliandika comedy ya bwana harusi aliyepeleka ngamia wa kukodi ukweni kama mahari. Tulicheza mara mbili tu, social hall ikajaa. Script ilikuwa moja, ya mkono, exercise book tatu.

Kikundi kikavunjika. Guyo akirudi kwao akaniachia katoni yenye zile exercise book. "Niwekee, nitakuja kuchukua."

Nilipohamia Burat nikapunguza mizigo. Daftari la matumizi ya kikundi nikaweka, niliogopa siku moja mtu ataniuliza pesa zilienda wapi. Zile exercise book nikampa mama wa mahamri, afungie wateja.

Sikufikiria hata dakika mbili.

Guyo hakuwahi kuja. Mwaka jana alifariki.

Mwezi uliopita msichana wake, Halima, akanitafuta sokoni. Yuko campus, anasoma literature. "Uncle, baba alisema mchezo wake uko kwako. Sijawahi kuusoma."

Nikamwambia ukweli wote, mpaka lile daftari nililobaki nalo. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Halafu akaomba daftari. Akasema kuna comedy za Uingereza, za wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, zilipotea hivyo hivyo. Zikabaki rekodi za gharama tu, na watu bado wanazichunguza.

Nikaenda nyumbani kulichukua, tukakaa juu ya magunia pale sokoni, tukasoma. Kukodi ngamia. Kanzu ya baba mkwe. Kutengeneza kiti.

"Nani alivunja kiti?"

"Baba yako. Yeye ndiye aliigiza baba mkwe. Aliposikia ngamia ni wa kukodi, alikaa kwa nguvu, kiti kikaenda."

Akacheka, akatoa kalamu. "Hapo alisema nini?"

Nakumbuka hall ilicheka mpaka tukasimamisha mchezo. Lakini maneno, wakuu, hayakuja. Nilijaribu, yeye anangoja tu na kalamu yake.

Nimejifunza hivi: nilitunza karatasi ya kunitetea mimi, nikatupa ile mwenzangu aliniamini nayo. Usifanye hivyo.

Kama ulikuwa pale social hall na unakumbuka hata sentensi moja ya yule baba mkwe, tafadhali iandike hapa chini. Nitampelekea Halima.