Mama mkwe anataka nitoe ushuhuda wa safari yetu ya baharini

Admin, jina langu usiliweke, ukweni wengi wanafuatilia ukurasa wako. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nina watoto wawili, nauza vitenge Kasulu mjini. Mume wangu ana kazi nzuri, hanipigi, halewi, kwa hiyo msianze na "achana naye dada". Juzi kuna mwenzetu aliuliza hapa hoteli ya ufukweni inayofaa kwenda na watoto. Nilianza kumjibu, nikajikuta nalia, nikafuta. Leo nasema yote.

Likizo iliyopita mume wangu alitupeleka pwani, mimi, watoto na mama yake mzazi. Huyu mama mkwe kwangu ni mama kabisa, maana wa kwangu alishafariki. Anakaa Heru Juu, analima mihogo na maharage. Walikimbia Burundi akiwa binti mdogo, akakulia kambini, akaolewa kambini, uraia kaupata mtu mzima. Watoto wangu wote wawili ndiye amenilelea nikiwa sokoni. Aliposikia na yeye yumo kwenye safari alikwenda kuaga mpaka kanisani, jamani, ungedhani anakwenda Yerusalemu!

Hoteli yenyewe, niseme haki, ni nzuri. Bwawa la watoto halina kina, na kuna mtu kazi yake ni kukaa pale kuwaangalia. Chakula cha watoto kinatoka mapema, kabla hawajaanza kulia njaa. Ufukwe msafi, mtoto anakimbia pekupeku huna wasiwasi wa chupa. Mama alionja maji ya bahari akayatema, akasema, "Ee Mungu wangu, nani kamwaga chumvi yote hii?" Yeye anajua ziwa letu la Kigoma, maji unachota unakunywa. Tulicheka mpaka watu wakageuka.

Sasa sikieni. Siku tunafika nilimpeleka mdogo chooni, mume akabaki mapokezi. Niliporudi tukavalishwa bangili za plastiki, sisi za bluu, Mama ya njano. Sikujali. Kesho yake asubuhi kwenye chai, Mama akaanza kusalimia watu kama tunavyosalimia kwetu. Anainama, anapiga makofi taratibu, "Mwakeye, mwakeye," anauliza na habari za nyumbani, meza moja baada ya nyingine. Wengine walifurahi, wengine wakabaki na vijiko hewani. Akaja mhudumu mmoja mwenye adabu zake, akamshika mkono, akampeleka kwenye meza ndogo pembeni karibu na jiko la watoto, akamletea sahani yake. Mama akakaa, uso umejaa tabasamu. Kwetu mzee akiheshimiwa anatengewa chakula chake kando, hachanganywi na watoto. Akajua ni heshima hiyo.

Nikamfuata mhudumu. "Mbona mmemtenga mama yetu?"

Akashangaa. "Samahani dada, ile ni meza ya mayaya. Bangili ya njano ni ya yaya."

Nilimvuta mume pembeni, wala hakukataa. "Mapokezi waliniuliza kama ndiye yaya wa watoto, nikasema ndiyo. Yaya analala na watoto. Angekuwa mgeni angepewa chumba chake mbali huko, na unajua Mama akilala peke yake anaogopa."

"Si ungewaambia ni mama yako na anaogopa?"

"Nianze kueleza mbele za watu? Wewe hukumwona alivyokuwa anawapigia makofi pale mapokezi!"

Kumbe habari ya chumba ni kisingizio. Alimwonea aibu mama aliyemzaa. Nikamwambia nakwenda kubadilisha ile bangili sasa hivi. Akasema, "Nenda, halafu wewe ndiye umweleze kwa nini anahamishwa." Nikamwangalia Mama pale, anamega mkate taratibu, ametulia kama bibi harusi. Nilishindwa.

Tumerudi, na ile bangili hajaivua. Analimia nayo, anaendea nayo kanisani. Watu wakija kumsalimia anawasimulia meza yake, mimi nakaa pale natingisha kichwa tu huku roho inaniuma.

Juzi kaja dukani, kachagua kitenge cha sare, yeye na mimi. Jumapili hii anatoa shukrani. Atamwita mwanawe mbele ya kanisa ambariki, na mimi anataka nitoe ushuhuda. "Wewe ulikuwepo," akaniambia. "Mimi nikisema watadhani najisifu. Mwanangu, mimi tangu utoto nimekula chakula cha foleni. Unasimama na bakuli, unasukumwa, unapimiwa. Sijawahi kuwekewa meza yangu. Huyu mtoto wangu ndiye kanitoa kwenye foleni."

Nilijifanya nakwenda kupokea simu, nikalia nyuma ya duka.

Nimemsihi mume aende akamwombe mama yake msamaha kabla ya Jumapili. Hataki. Anasema, "Mama ana presha. Ukifungua mdomo, likitokea la kutokea ujue ni wewe. Simama useme hayo maneno, unapungukiwa nini?" Na yeye ameshanyoosha shati la kwenda kupigia magoti baraka! Mimi namwogopa Mungu, ndugu zangu. Nimesimama madhabahuni mara nyingi, sijawahi kudanganya pale. Lakini nikisema kweli, yule mama nitakuwa nimemnyang'anya meza moja aliyowahi kutengewa maisha yake yote.

Mchungaji ameshaniweka kwenye ratiba. Mama anasema kipaza sauti atanikabidhi yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Nishaurini, nikishakipokea niseme nini?