Mstari Uliofika Mlangoni

Harufu ya samadi mbichi iliyochanganywa na majivu hunirudisha Mabawe, Desemba ile nilipozizamisha manowari zote za Japani kabla ya chai ya asubuhi. Nilikuwa na miaka tisa. Kwetu nyumba zilisiribwa upya kila Krismasi ilipokaribia, nami nilitaka bibi akirudi kisimani akute kazi imekwisha, anisifie. Nikajaza beseni, nikaanza na ukuta wa sebuleni, ule wenye michoro ya mkaa ya babu.

Babu alikuwa keya, askari wa Mwingereza aliyepelekwa Bama kupigana na Wajapani. Jeshini alipewa kijitabu chenye picha za manowari zao, na kwa habari alizookota redioni na kwa wenzake alichora ukutani maisha ya kila moja. Mstari ulianzia meli ilipoundwa, ukanenepa palipokuwa na vita, ukaishia kwenye kimsalaba ilipozama. Mgeni akisema shikamoo, aliitikiwa marahaba na kusomewa ukuta kabla hajapewa kiti. Mstari mmoja tu haukuwa na msalaba, wa nyambizi iliyozamisha meli ya askari wetu. Babu aliiona meli hiyo ikizama, akiwa kwenye meli ya nyuma iliyoamriwa ikimbie. Ndani yake alikuwamo Yohana wa Keza, rafiki yake waliyejiandikisha naye siku moja. Kwa kuwa hakujua nyambizi ile iliishia wapi, kila Mwaka Mpya aliurefusha mstari wake kwa upana wa kidole. Ulikuwa umekaribia mlango.

Babu alirudi shambani, akaugusa ukuta mbichi, akakaa chini. Niliogopa hadi nikajikojolea. “Mke wangu,” akasema, maana ndivyo alivyozoea kunitania, “Mwingereza alihangaika na meli hizi miaka. Wewe umezimaliza asubuhi moja.” Alicheka, lakini macho yalimlowa. Ukuta ulipokauka alirudishia mstari mmoja tu, wa nyambizi, mpaka pale ulipokuwa umefika. “Hii bado inatembea,” aliniambia.

Juzi mwanangu alinionyesha kwenye simu mchoro wa manowari za Japani, mamia ya mistari ya rangi, kila meli na safari yake ya vita. Nilimcheka, kwa sababu babu alihitaji mkaa tu. Kisha nikaitafuta nyambizi ile. Mstari wake ulikatika siku ileile aliyokufa Yohana. Meli za ulinzi ziliizamisha hapohapo, babu akiwa bado baharini, meli yake ikikimbia. Alifariki bila kujua, na nililia kwa hilo.

Jumamosi nilipanda bodaboda mpaka Mabawe na kipande cha mkaa mfukoni, nikaweke msalaba. Shangazi, anayeishi kwenye nyumba ile, husiriba kuta zote na kuuruka mstari huo, ambao babu aliufikisha mlangoni kabla hajafa. Nilisimama mbele ya mstari nikakosa pa kuukata. Miaka yote ile ya vidole haikuwa ya nyambizi, ilikuwa ya Yohana. Nikauvusha mlango, nikaongeza upana wa kidole upande wa pili.