Ndege wa Kalisi

Kwamboka, mwenzangu wa chumba hapa Najma, mtaa wetu huku ughaibuni, si mtu wa kusahau. Ukimkanyaga leo atakungoja hata miaka. Nami simlaumu, maana aliyemkanyaga alimkanyaga pabaya.

Mamake alipofariki Kisii, Kwamboka aliomba ruhusa akazike. Phyllis, Mkenya mwenzetu na msimamizi wa Kwamboka na wasafishaji wengine katika jumba la maonyesho, alimjibu huku akitafuna chingamu, "Wazishi ni wengi huko. Wewe hata jembe hutashika." Kwamboka akatazama mazishi kwenye simu, chooni, Phyllis akigonga mlango arudi kazini. Akaapa kumlipiza.

Kisha ikaletwa kalisi ya fedha, kikombe cha misa kutoka misheni ya kale ya Wajesuiti kule Paragwai. Aliyeifua alikuwa Mguarani, mwenyeji wa nchi ile. Jina lake halikuandikwa popote. Aliacha ndege mdogo tu, aliyemchora ubavuni kwa mistari myembamba kama unywele. Bradley, mtunzaji wa vyombo, alimwonyesha Kwamboka. "Weusi huu ulioingia kwenye mistari ndio unaomfanya ndege aonekane. Isisuguliwe. Mwambie Phyllis."

Kwamboka hakumwambia.

Asubuhi ya ufunguzi Phyllis aliikuta kalisi mezani, ikingoja kupigwa picha. Huyu mama sufuria za kwake lazima zing'ae mpaka ujione uso. Heshima yake yote imo humo. "Ai, wageni wataona hii uchafu? Niletee waya ya sufuria." Kwamboka akaleta, na ndimu pia. Akasimama kando akitazama, roho yake imetulia.

Bradley alipoingia, ndege hayupo. "Kwamboka, hukumwambia?"

"Nilimwambia."

Phyllis akamshika mkono. "Kwamboka, sema ukweli, tafadhali."

"Wasemaji ni wengi hapa, madam. Mimi wa nini?"

Phyllis alirudishwa Kenya wiki hiyohiyo. Tulipika chapati tukacheka, na mimi nilicheka kumshinda.

Ijumaa, siku ya mapumziko huku, tukaenda misa kanisani Abu Hamour. Padri alipoinua kalisi, sote tuliinua macho, ila Kwamboka aliinamisha kichwa mpaka mwisho. Tukingoja basi nikamuuliza kama anamhurumia Phyllis.

"Huyo? Hata kidogo. Atapata kazi ingine." Akatazama barabara kama basi linakuja. "Lakini yule fundi alikuwa na huyo ndege tu. Mama nilimzika kwa simu. Yeye nimemzika kwa mkono wangu."