Romarin ya Baba Faustin

Mwaka wa 1952, mtaani Kamalondo, Stanislas Chola aling'oa lengalenga za mkewe ili apande majani ya Kizungu ya kukolezea nyama. Yalikuwa matuta manne nyuma ya nyumba, mboga ya watoto watano. Agnès alisimama mlangoni akatazama mizizi ikikauka juani.

"Mama Faustin, Bazungu ba komisheni batakuya kuangalia nyumba," alisema Stanislas, karani wa bohari. "Bakiona romarin na thym, batajua humu munaikala muntu wa maendeleo. Batanipa karte."

"Na bukari, tutakula na nini?" aliuliza Agnès, mwiko wa ugali mkononi.

"Mawazo ya kijijini!"

Karte ile, cheti cha Mwafrika aliyestaarabika, ilimkosesha usingizi. Kwa ajili yake alikwishanunua uma sita ambazo watoto hawakuruhusiwa kuzigusa, akajifunza hata kukohoa ndani ya leso. Agnès alizaliwa Kasenga, kando ya mto Luapula, na samaki aliyeoza alimtambua kwa kumtazama jicho tu. Siku hizi alimtazama mumewe vivyo hivyo.

Vipandikizi vilitoka kwa Kalaba, mtunza bustani wa Mgiriki mmoja. "Chola, ile majani ni ya kwenye mawe," alionya Kalaba. "Maji kidogo tu, sawa machozi ya mujane tajiri."

Stanislas alicheka. Afundishwe na mtu anayetia sahihi kwa kidole gumba? Aliagiza samadi, na maji mara tatu kwa siku.

Agnès alikuwa amemsikia Kalaba vizuri sana. Basi akawa mke mtiifu kuliko wote Kamalondo. Asubuhi, mchana, jioni, alibeba ndoo kutoka bombani, akamwaga mpaka tope likameta. Wiki ya tatu romarin ilikuwa nyeusi tangu shinani, na thym imelala kama manyoya ya paka aliyezama.

Komisheni ikaja, watu watatu. Walifungua choo. Walihesabu uma. Walimwuliza Agnès kama hula mezani na mumewe, naye akadanganya kwa sauti tamu. Mlango wa nyuma hakuna aliyeugusa.

Karte ilifika baada ya miezi miwili. Jioni ile Stanislas aliiegemeza kwenye glasi, akanawa, akafunua sahani. Juu yake vilikuwa vijiti vyeusi vilivyochemshwa.

"Iyi ni nini?"

"Romarin, Baba Faustin. Muntu wa maendeleo anakula na uma."

Watoto waliinamisha nyuso, mabega yakiwatetemeka kwa kicheko. Stanislas alikula bukari tupu.

Kulipopambazuka majirani walimwona akilima, karte mfukoni mwa shati. Agnès alisimama mlangoni, mbegu za lengalenga zimefungwa kwenye pindo la kitenge.

"Ile tuta ya mwisho imepinda," alisema.

Stanislas akainyoosha.

"Sasa chukua ndoo, uende ku bomba. Hii yetu inapenda maji. Mara tatu kwa siku."