Mfu wa Shamba la Mdogo Wangu

Baba alipotugawia shamba, lile la njia ya kutoka Usagara kuteremka ziwani, nilichagua kwanza kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nikachukua tambarare yenye udongo mweusi. Mdogo wangu akabaki na kilima cha mawe, nami nikamcheka moyoni.

Miaka ile ya soko huria kiwanda cha pamba kilinipunguza kazini, nikawa nauza mitumba Mkuyuni. Ndipo wakaja watafiti kuchimba mji wa kale. Wakachimba wapi? Kilimani kwa mdogo wangu! Walikuwepo mtaalamu wa mifupa, wa mkaa, wa mbegu zilizoungua, na mama mmoja aliyeshinda mkekani akiunganisha vigae vya vyungu. Wakapata tanuri za kuyeyushia chuma na misingi ya nyumba nyingi. Upande wangu walichimba shimo moja, wakatoa udongo mtupu, wakafukia. Watu walitoka mjini kuja kumpa mdogo wangu mkono, utadhani mji ule aliujenga yeye. Wanasema riziki haivutwi kwa kamba. Mimi ningekuwa na kamba ningeivuta.

Siku moja brashi zao zikafichua mifupa ya mtu aliyelala ubavu. Wazee wa kijiji wakasimamisha kazi: mfu hainuliwi bila ndugu wa kumlilia, na ndugu huyo lazima anyolewe kichwa kama mfiwa.

"Ni wa kwako?" mwenyekiti akamuuliza mdogo wangu.

Kabla hajafungua mdomo nikadakia. "Mimi ndiye mkubwa. Wafu wote wa ukoo huu ni wangu."

"Kaka, wewe hata humjui," mdogo wangu akasema taratibu.

"Kwani wewe unamjua?"

Nikanyolewa palepale kwa wembe mkavu. Nikaketi kwenye kigoda ukingoni mwa shimo, watu wakapita kunipa mkono, "Pole sana, mzee," nami nikaitikia kwa sauti ya mfiwa. Nilifurahi, tena sana. Hatimaye kilimani pale palikuwa na kitu changu.

Alasiri mtaalamu wa mifupa akainua kichwa kutoka shimoni.

"Huyu ni mama," akasema. "Na hivi vifupa vidogo hapa nyongani ni vya mtoto. Alikuwa bado hajamzaa."

Mdogo wangu akapiga magoti. Mke wake alikuwa amekufa vivyo hivyo mwaka uliotangulia, akiwa na uchungu wa kuzaa, njiani kwenda hospitali. Siku ya kumzika mdogo wangu hakutoa hata chozi, na watu walimsema. Sasa alilia kwa sauti, akimwita mkewe kwa jina, viganja vyake vimeushika udongo wa ukingoni.

Waombolezaji wangu wakainuka mmoja mmoja, wakamwendea. Hakuna aliyegeuka kuniangalia. Nilibaki peke yangu kwenye kigoda, nikimsikiliza, na nilimwonea wivu hata kilio kile.