Nyumbu Aliyetafutiwa Mke

Niliwahi kusimama kanisani, mbele ya watu wazima wenye akili zao, nikaomba mchango wa mbuzi ili tumwolee nyumbu wetu mke. Sikuwa na homa. Nilikuwa na miaka tisa, nimekunywa uji nikashiba, na nilikuwa nimefikiri sana, jambo ambalo tangu siku ile nalifanya kwa tahadhari.

Nimekumbuka haya kwa sababu ya kamba. Juzi nilikuwa stoo namtafuta panya, nikaikuta kamba ya katani imelowa mvua iliyopenya kwenye mabati. Katani ikilowa ina harufu yake, nusu majani mabichi, nusu jasho la mnyama. Nikakaa papo hapo juu ya gunia la mbaazi, panya akaenda zake. Mimi ni mtu wa kukaa, Mutomo nzima wanajua. Wenzangu niliosoma nao wako Nairobi, wako Mombasa, mmoja yuko Uarabuni. Mimi nikifika mji wa Salama kwa arusi, kabla ya pilau naanza kuuliza gari la kurudi ni saa ngapi.

Basi nilikaa na ile harufu, na Karani akaja.

Karani alikuwa nyumbu jike. Si yule wa porini anayekimbizwa na simba kwenye kalenda, la. Huyu ni yule ambaye mama yake ni farasi na baba yake ni punda. Baba alimpata kwenye ranchi moja kubwa karibu na Kiboko alikokuwa akichunga ng'ombe. Ranchi ilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa kila mmoja achague mnyama wa kuondoka naye. Wenzake wakaondoka na mitamba. Baba alichelewa, na sisi kwetu kuchelewa ni kama rangi ya macho, tunarithishana. Akakuta amebaki nyumbu peke yake. Akatembea naye siku tatu, akavuka mto Athi, akaingia bomani jioni akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mama alitoka na taa, akamtazama yule mnyama kuanzia masikio hadi mkia, akauliza, "Na ng'ombe yuko nyuma?"

Karani alikuwa mrefu kama farasi, na masikio ya punda ambaye hakubaniwa masikio. Kwato zake zilikuwa nyembamba na ngumu, na kwenye ule mteremko wa mawe wa kushuka mtoni alizishusha moja moja, kama mama mzee anayepima ngazi gizani. Sauti yake ndiyo ilituchekesha zaidi. Alianza juu kwa mbwembwe za farasi, katikati ikamkatikia, akamalizia kwa kukoroma kipunda. Ungesema ni mtu aliyeanza sala kwa Kiingereza, akakwama, akamalizia kwa Kikamba.

Jina alipewa na shangazi Ndunge, kwa sababu hakupitisha kitu bila kukikagua. Mitungi minne ya maji alikubali. Ukimwekea wa tano, hakupiga teke wala kuruka. Alisimama tu, akageuza shingo, akakutazama kama karani wa ofisini anayekuambia umesahau kitambulisho. Ushushe mtungi, aondoke. Punda wa majirani walibebeshwa mpaka magoti yakatetemeka na bado wakaenda. Walikunywa mpaka wakaumwa tumbo. Karani alikunywa yanayomtosha akainua kichwa. Watu walisema ni mkaidi. Shangazi alisema, "Huyu anajipenda tu. Hamjawahi kuona mwanamke anajipenda?"

Shangazi Ndunge, dada ya baba, alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwa mume upande wa Mwingi. Alirudi na sanduku moja la bati. Miaka minane ya ndoa, hakuna mtoto. Hakuna aliyelisema, na hakuna asiyelijua. Mimi nilikuwa nimepewa jina la nyanya, yaani mama yake shangazi, kwa hiyo hakuniita Mwikali kama wengine. Aliniita mwaitu, mama. Mtoto wa miaka tisa anapoitwa mama na mtu mzima anapata kiburi fulani, na labda ndicho kilichoniponza.

Alfajiri tulikwenda mtoni watatu, yeye, mimi na Karani. Mto wetu ni wa mchanga. Maji yako chini, unayachimba kwa mikono na kibuyu, unangoja. Ningependa uone kule kungoja. Shimo liko tupu, halafu mchanga unageuka rangi, halafu katikati yake kunatokea kitu kama jicho, na ndani ya lile jicho kuna kipande cha anga chenye wingu moja. Shangazi aliimba kwa pua, maneno sikuyajua. Karani alisimama juu yetu, akatupa kivuli. Mpaka leo nikiota nimepotea mahali, naota nimetoka kwenye kivuli kile. Tukirudi, maji yalikwenda kwenye hoteli za sokoni na nyumba za walimu, na shangazi akaishi kwa hayo, bila kumwomba mtu chumvi.

Jioni moja tukiwa tumekula, baba alisema, "Huyu nyumbu anakula bure. Punda jike wa watu anazaa, kesho anazaa tena. Asiyezaa ni wa nini kwa boma? Siku ya soko nampeleka."

Shangazi alikuwa akikwangua ukoko wa sufuria. Mkwaruzo ukanyamaza. Halafu ukaendelea.

Mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba Karani anauzwa. Na nikaona dawa iko wazi, kwani shida si kuzaa? Basi azae. Kesho yake daktari wa ng'ombe alikuja kuchanja kwa jirani, nikamfuata na kumwomba amchome Karani sindano ya watoto. Alicheka mpaka akashika mti. Lakini alikuwa mtu mwema, akachuchumaa akanieleza. Farasi na punda wanaweza kupata mtoto, akasema, na mtoto yule anatoka na nguvu kuliko baba na uvumilivu kuliko mama. Anaishi miaka mingi, hali sana, haugui ovyo. Lakini yeye mwenyewe hapati mtoto. Akachora mstari kwa kidole kwenye vumbi, akaukatiza. "Unaona? Hapa ndipo mstari unaishia."

Nikauchora tena ule mstari nyumbani, nikaurukaruka kutwa nzima. Ndipo nilipomkumbuka Susu Kalunde.

Susu Kalunde alikuwa jirani yetu, bibi mwenye jino moja la mbele na maneno ya kumtosha mwenye meno thelathini. Hakuzaa. Na kwetu, tangu zamani, mwanamke asiyezaa anaweza kuoa. Anatoa mbuzi, anaenda kumposa msichana, anamleta bomani, na watoto watakaozaliwa, baba yao awe nani, ni wa nyumba yake, wanabeba majina ya watu wake. Msichana huyo anaitwa iweto. Susu Kalunde alimwoa Mutheu, na Mutheu akamzalia boma zima, wavulana wanne na wasichana wawili, na ole wako useme mbele ya Kalunde kwamba si wake. Kanisani waliliangalia jambo hilo kwa pembe ya jicho. Mimi nililiangalia nikaona hesabu imekaa sawa. Karani hazai, Mutheu ana punda jike mweupe, punda atolewe mbuzi, aje kwetu, azae, watoto wawe wa Karani. Baba atakosa la kusema.

Mbuzi ndio sikuwa nao.

Jumapili, mama mchungaji aliuliza kama kuna mwenye ombi maalum. Nikasimama juu ya benchi ili nionekane. "Naomba kanisa litusaidie na mbuzi tatu," nikasema, "tumwolee Karani iweto, juu Karani hawezi kuzaa, na baba amesema asiyezaa hana kazi kwa boma."

Nilitarajia vicheko, hata nilikuwa nimejiandaa kuvivumilia. Kilianza kimoja kule kwa vijana, kikafa njiani. Halafu nikaona vichwa vinageuka, na havikugeukia kwangu. Viligeukia benchi la tatu, alipokaa shangazi Ndunge na kitambaa chake cha buluu, akitazama mbele. Baba alikuwa anasoma kitabu cha nyimbo kwa bidii. Kilikuwa juu chini. Tulisikia mabati yakilia kwa jua, halafu nyuma kabisa Susu Kalunde akasema "Amina!" peke yake, kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku. Mama mchungaji akasema tutaombea pia mvua.

Njiani kurudi nyumbani nilitembea nikiwa nimekunja mabega, nangoja kufinywa. Shangazi akauliza, "Mwaitu, na huyo bibi arusi ungemtoa wapi?"

"Kwa Mutheu. Yule mweupe."

"Na mbuzi tatu tu? Mweupe vile?" Akapangusa uso na leso. "Tatu ni kumdharau."

Nilidhani ni vumbi.

Siku ya soko ilifika. Baba alimfunga Karani kamba, akamtoa mpaka langoni, na langoni Karani akakagua akaona hapana. Akasimama. Baba akavuta. Akasukuma. Akakata fimbo, akampiga mara mbili, naye akageuza masikio tu, moja mbele moja nyuma. Watu wakienda sokoni walipita na ushauri wao. "Baba Mwikali, unauza nyumbu ama nyumbu ndiye anakuuza?" "Mshike mkono, pengine anaona haya!" Jua likapanda. Shati la baba likashikana na mgongo. Shangazi alikuwa amekaa nje ya mlango wake akichambua pojo, hakuinua uso.

Mwishowe baba akapaza sauti. "Ndunge! Si uje umwambie huyu mnyama wako atembee!"

Shangazi akaweka ungo chini. Akaja polepole, akasimama kando ya Karani, akaweka mkono kwenye shingo yake. "Nikimwambia atembee, atatembea," alisema. "Nami nitatembea naye, sanduku langu ni jepesi. Hatutarudi. Chagua, kaka, ni wewe umesema asiyezaa ni wa nini."

Sijawahi kumwona mtu akiitazama kamba kwa muda mrefu vile. Baba aliiachia kamba ikaanguka mchangani, akaingia ndani, na chakula cha mchana hakula. Jioni, bila kumtazama mtu, alisema lile banda la nyumbu linahitaji paa jipya. Kwa baba hiyo ilikuwa toba, tena ya kupiga magoti.

Mwaka uliofuata, shangazi alimnunua yule punda mweupe kwa jasho lake la maji. Mutheu alimleta mwenyewe akimpigia vigelegele, na jina likakaa, Bibi Arusi. Akazaa. Na hapa ndipo ningependa mniamini, maana sikuota. Karani alimtaka yule mtoto kama aliyemngoja miaka. Alimlamba, akasimama juu yake jua la mchana, akafukuza mbwa mpaka ng'ambo ya ua. Bibi Arusi alikuwa wa kunyonyesha tu. Asubuhi za ukungu tulishuka mtoni tukiwa msururu, shangazi, Karani, na yule mdogo ametia kichwa chini ya tumbo la Karani, miguu yake ikichanganyika na miguu mirefu, na kwa mbali ungeona mnyama mmoja wa miguu minane akiingia kwenye ukungu.

Kidato cha tatu mwalimu wa bayolojia alitufundisha kwamba farasi ana kromosomu sitini na nne, punda sitini na mbili, na nyumbu sitini na tatu. Ile moja inabaki haina mwenzake, kwa hiyo kuzaa kunakwama. Darasa liliandika. Mimi nilibaki na kalamu hewani, na ile jioni ikanirudia, nikausikia mkwaruzo wa sufuria ukinyamaza. Miaka yote nilidhani baba alikuwa anazungumza juu ya nyumbu. Nikajua pia ni nani nilimvua nguo mbele ya kanisa zima, na kwamba karo ya hicho kiti nilichokalia ilitoka mtoni, mitungi minne kwa minne.

Shangazi Ndunge bado yuko. Nyumba yake na yangu zinatazamana, hatua ishirini. Miguu imevimba, haendi mtoni tena. Karani alikufa mzee, ameketi kama ng'ombe, hakusumbua mtu. Haya nimeyaandika tangu jua lilipochomoza, nikafuta, nikaandika, na hapa kwenye karo nikalia kidogo, sikatai. Mutheu, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu, alipita na ndoo kichwani, nikamsimamisha nikamsomea kuanzia mwanzo, pamoja na fikira zangu nzuri nilizokuwa nimeziweka mwishoni, kuhusu wale ambao mstari wao unaishia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutua ndoo. Kisha akasema, "Toka asubuhi unalilia makaratasi, na Ndunge hana maji kwa nyumba. Mtoto alipata, Mwikali. Ni vile alipata mvivu."