Kichaa Kilichosemwa juu ya Kaka Yangu

Mwezi uliopita nilisikia redioni kwamba huko Marekani baadhi ya majimbo yametunga sheria: mtu akifia mikononi mwa polisi, isisemwe tena kuwa ameuawa na kichaa cha ghafla, maana madaktari wengi hawautambui ugonjwa huo. Nilikuwa napeta mchele. Nikauweka ungo chini.

Kaka yangu alikuwa na kifafa tangu utotoni. Kikimwachia, alizinduka hajui yuko wapi, na ukimshika anajitoa kwa nguvu. Nyumbani tulimwacha akae mpaka akili imrudie. Siku aliyokufa kilimwangusha kwenye stesheni ya treni ya Usoke, kati ya watu wasiomjua. Alipoinuka akiwasukuma, mgambo walimlaza kifudifudi, wakamkalia mgongoni hadi akanyamaza. Wakubwa wao wakatuambia kilichomuua ni kichaa cha ghafla.

Kwetu, kabla ya kuzika husomwa wasifu wa marehemu, na kilichomuua hutajwa. Msomaji alikuwa baba mdogo. Nilimwomba asilitamke neno lile, watoto wa kaka wasije wakakua nalo.

“Mwanangu, wakubwa ndivyo walivyosema,” alinijibu. “Mimi ni nani wa kuwapinga?”

Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, na mimi pia niliogopa.

Mtani wetu, mama wa Kigogo aliyeolewa jirani, alishinda amevaa koti la kaka akiwachekesha wafiwa, kama watani wafanyavyo msibani. Baba mdogo alipokwenda kusimama kando ya kaburi, yule mama alijilaza kifudifudi mbele yake.

“Haya, Wanyamwezi, wazee wa kubeba mizigo. Leo mzigo ni mimi, njooni mnikalie.”

“Mtani, kwa unene huo tutateleza,” mjomba akamjibu. Watu wakacheka.

“Kalieni tu. Nikikosa pumzi nikarusha mateke, semeni nina kichaa.”

Kicheko kikakatika. Mjane wa kaka akajifunika uso kwa kanga.

Baba mdogo alingoja mtani ainuke. Akasoma kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto. Kisha akaikunja karatasi.

“Alikuwa na kifafa,” alisema. “Hakikumuua. Alikufa amekaliwa mgongoni.”

Hakuna mgambo aliyeulizwa lolote mpaka leo, na sheria kama ile hapa kwetu sijaisikia. Ila binti mkubwa wa kaka, akiulizwa shuleni baba yake alikufa kutokana na nini, hujibu kama alivyosikia pale kaburini.